Uzi: Giaboksi inapolia, tambua ni beringi ipi iliyokufa kabla hujanunua giaboksi ya mtumba

#1 Jiliwa

Wakuu, salaam.

Kila mtu anapoeleza kwamba giaboksi yake ya gia za mkono inalia, ushauri anaoupata huwa ni uleule: nenda Ilala au Kariakoo, tafuta giaboksi ya mtumba, funga, endelea na safari. Ninaandika kuupinga ushauri huo. Mara nyingi kilichokufa ndani ya giaboksi inayolia ni beringi moja au mbili, wakati gia zenyewe bado zina meno mazima, na giaboksi ya mtumba utakayoletewa ina beringi za umri huohuo, ambazo hakuna aliyezisikiliza zikizunguka chini ya mzigo kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Unalipa fedha nyingi zaidi ili kununua ugonjwa usioujua.

Nitatumia mfano wa Toyota Hilux za miaka ya 1990 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, zenye giaboksi za gia tano za familia ya G, kwa sababu bado zimejaa barabarani kwetu na kwa sababu mpangilio wake unafanana na wa giaboksi nyingi za pikapu. Mwenye Probox au Corolla inayovutwa na magurudumu ya mbele atafaidika na sehemu ya kusikiliza na ya kufunga beringi, lakini ufunguaji wa giaboksi yake ni tofauti.

Ndani ya giaboksi hii kuna shafti tatu. Shafti ya kuingizia inapokea mzunguko kutoka kwenye sahani ya klachi. Leshafti, iliyo chini yake, inazungushwa na shafti ya kuingizia wakati wote ambapo klachi imeshika, hata gari likiwa nyutro. Shafti kuu ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye propela. Pua ya shafti kuu imeingia ndani ya kisogo cha shafti ya kuingizia, na katikati yao kuna beringi ndogo ya sindano ambayo wengi hawajui kama ipo mpaka waione imesagika. Ukiushika mpangilio huu kichwani, sauti peke yake itakueleza mengi.

Anza na gari limesimama, breki ya mkono imevutwa, injini imepata moto wake wa kawaida, gia ikiwa nyutro. Ukiwa hujakanyaga klachi, shafti ya kuingizia na leshafti zinazunguka. Ukisikia mngurumo au mkwaruzo, kisha ukakanyaga klachi hadi mwisho na mlio ukafifia mpaka ukapotea, washukiwa ni beringi ya shafti ya kuingizia na beringi za leshafti. Mambo yakiwa kinyume, yaani kimya wakati klachi imeachiwa na mlio unaanza pale unapoikanyaga, basi kilichochoka ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi unapoikanyaga, au ile beringi ya pailoti iliyo katikati ya flaiwili, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazofanya kazi klachi inapokanyagwa. Hapo utashusha giaboksi, ndiyo, lakini hutakuwa na sababu ya kuifungua.

Kuna mtego mmoja hapa, hasa kwa injini za dizeli. Springi za sahani ya klachi zikilegea, meno ya gia hugongana injini inapokuwa silensa (ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), na kelele hiyo nayo hupotea ukikanyaga klachi. Wamiliki wengi wamefungua giaboksi nzima kwa sababu yake. Tofauti yake ni rahisi kuijua: kanyaga mafuta kidogo, injini ipande mpaka mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Mgongano wa springi zilizochoka hutoweka, ilhali mlio wa beringi huzidi na sauti yake hupanda pamoja na injini.

Sasa ingia barabarani. Katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, nguvu inashuka kwenye leshafti kisha inapanda tena kwenye shafti kuu. Gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingizia inaungana na shafti kuu, na leshafti inazunguka tupu bila mzigo. Kwa hiyo gari linalonguruma gia ya tatu wakati wa kupanda mlima na kutulia kwa kiasi kikubwa ukiweka ya nne lina tatizo kwenye leshafti, au kwenye ile beringi ya sindano, ambayo katika gia ya nne haizunguki kabisa kwa kuwa shafti zake mbili zinakwenda pamoja. Mlio unaosikika gia zote, ya nne ikiwemo, na pia ukiwa nyutro umesimama, ni wa beringi ya shafti ya kuingizia. Ule unaofuata kasi ya gari na si kasi ya injini, ambao hauondoki hata ukiweka nyutro gari likiwa bado linakwenda, uko nyuma zaidi: beringi ya nyuma ya shafti kuu, propela, difu, au gurudumu. Beringi ya gurudumu hujitangaza yenyewe kwenye kona, kwa sababu mlio wake hubadilika uzito wa gari unapohamia upande mmoja.

Hatua ya mwisho kabla ya kushika spana kubwa ni kutoa mafuta ya giaboksi na kuyatazama. Nati ya kutolea mafuta huwa na sumaku. Uji laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida na usikutishe. Magamba yanayong'aa, ambayo unaweza kuyashika kwa kucha moja moja, ni ngozi ya njia ya gololi iliyobanduka. Chembe za rangi ya dhahabu, ambazo sumaku haizishiki, zinatoka kwenye ringi za sinkronaiza, zile zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Na hapa ndipo watu wanaporuka hatua muhimu kuliko zote, yaani kuuliza kwa nini beringi imekufa. Beringi ya giaboksi iliyopata mafuta safi ya kutosha ni kifaa kinachodumu sana, kwa hiyo ikifa mapema kuna aliyeiua. Sababu ya kawaida ni sili ya nyuma inayovuja kidogo kidogo, na mwenye gari anafuta tu sakafu, kwa kuwa giaboksi haina kijiti cha kupimia wala taa ya kumuonya. Sababu ya pili ni tabia ya kushuka milima nyutro ili kubana mafuta, jambo linalofanywa Kitonga na Sekenke na watu ambao wangepaswa kujua zaidi. Leshafti ndiyo inayochota mafuta chini na kuyarusha juu. Gari likishuka kwa kasi kubwa injini ikiwa silensa, leshafti inazunguka polepole wakati shafti kuu inakimbia, na beringi ya sindano inabaki na unyevu tu. Kuvuta gari lililokufa kwa mwendo mrefu huku magurudumu ya nyuma yakigusa barabara ni kubaya zaidi, maana leshafti haizunguki kabisa. Fungua propela kwanza. Halafu kuna maji. Giaboksi yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji kama yale ya Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa mvua kubwa, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, na kile kibomba cha kupumulia au sili iliyochoka huvuta maji ndani.

Kushusha giaboksi sitakueleza kwa urefu, kwa sababu fundi yeyote wa gereji anaijua kazi hiyo. Ondoa nyaya za betri, weka gari juu ya stendi imara na si juu ya jeki, weka alama ya rangi kwenye flenji ya propela na ya difu ili zirudi zilivyokuwa, fungua silinda ndogo ya klachi bila kufungua mpira wake, kisha utoe stata, kebo ya spidometa, waya wa taa ya rivasi na wenzo wa gia kutoka ndani. Kaza macho kwenye jambo moja tu: giaboksi inapotoka au kuingia, isining'inie hata kidogo kwenye sahani ya klachi, kwa sababu sahani iliyopinda itakuletea mtetemo ambao utaulaumu kwa beringi mpya.

Sasa tufungue. Giaboksi za familia hii zimejengwa juu ya bamba la kati. Ukishatoa nyumba ya klachi, kifuniko cha mbele na zile sirklipu (ringi za kubania zinazokaa kwenye mfereji) mbili kubwa zinazoshika ringi za nje za beringi za mbele, ganda la mbele huvutika likaacha beringi zimebaki juu ya shafti zake. Sehemu ya nyuma nayo hutoka. Unabaki na bamba la kati lililobeba shafti zote, ambalo hubanwa kwenye jiliwa kwa kutumia boliti mbili ndefu za nyumba ya klachi na nati zake, ili taya za jiliwa zishike boliti na zisiume alumini.

Kabla ya kutoa kitu chochote, pima. Chukua fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) upime mwanya wa kila gia kwenda mbele na nyuma juu ya shafti kuu. Kwa kawaida hucheza kati ya 0.10 na 0.25 mm. Sukuma kila ringi ya sinkronaiza kwenye koni yake upime nafasi iliyobaki kati ya ringi na meno ya gia. Ikikaribia 0.8 mm au chini ya hapo, badilisha ringi hiyo sasa, kwa sababu hutapenda kurudi huku tena. Andika vipimo kwenye karatasi.

Gololi na springi za kufuli za uma za gia, zile zinazosukuma gia unapobadilisha, ndizo zinazowatoa watu jasho. Zimezibwa na skrubu zenye kichwa cha nyota, zinazohitaji soketi ya T40, na mara nyingi zimegandishwa na gundi. Yeyote anayezishambulia kwa bisibisi ya kawaida ataishia kutoboa kwa drili. Zikitoka, panga kila gololi, springi na pini kwenye trei kwa mfuatano wa matundu yake. Kati ya fimbo za uma kuna pini ndogo zinazozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja, na pini moja ikisahaulika mezani, siku moja giaboksi itajifunga gari likiwa linatembea.

Uma, gia ya tano na vishikio vya beringi vikishatoka, shafti zote tatu hutoka kwenye bamba pamoja, kisha shafti ya kuingizia huchomolewa kwenye pua ya shafti kuu. Hapo ndipo beringi ya zamani inapokwenda kwenye presi, mashine ya kubana na kuchomoa. Itazame kabla hujaitupa. Vishimo vilivyojipanga kwa nafasi sawasawa na nafasi ya gololi vinaonyesha kwamba iligongwa wakati wa kufungwa. Rangi ya buluu ni joto la kukosa mafuta. Madoa meusi yenye kutu ni maji. Magamba yaliyobanduka upande mmoja tu wa njia ya gololi ni mzigo uliosukuma shafti mbele au nyuma kupita kiasi, na hilo linakurudisha kwenye vipimo ulivyoandika.

Ununuzi wa beringi una maneno mengi, kwa hiyo nitauweka kwenye chapisho linalofuata pamoja na ufungaji.

#2 Jiliwa

Naendelea.

Usiende dukani kuomba "beringi ya giaboksi ya Hilux". Nenda na beringi ya zamani mkononi, iwe imeoshwa ili namba isomeke, na uwe umepiga picha ya bamba la utambulisho lililo ndani ya boneti, kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Hilux mbili zilizotoka mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti.

Namba iliyochongwa kwenye ringi inasomeka kwa utaratibu. Chukua 6306: tarakimu ya 6 inasema ni beringi ya gololi ya mstari mmoja yenye njia ya kina, 3 ni mfululizo wa vipimo, na 06 ukiizidisha kwa 5 unapata tundu la 30 mm. Kipenyo chake cha nje ni 72 mm na upana ni 19 mm. Beringi ya 6206 ina tundu lilelile la 30 mm, lakini nje ina 62 mm na upana wa 16 mm. Muuzaji akikuambia "hizi ni sawa, tundu ni moja", mshukuru uende duka jingine. Herufi zinazofuata zina uzito uleule: N ni mfereji wa sirklipu kwenye ringi ya nje, bila huo beringi haina kitu cha kuizuia isitembee ndani ya ganda, C3 inamaanisha mwanya wa ndani ni mkubwa kuliko wa kawaida. Kama iliyotoka ilikuwa C3, inayoingia iwe C3, kwa sababu ringi ya ndani ikishabanwa kwenye shafti na giaboksi ikapata joto, mwanya wa kawaida unaweza kwisha kabisa na gololi zikaanza kusagana na njia yake.

Beringi nyingi za giaboksi za Toyota si za vipimo vya kawaida, na hizo huzipati kwa namba ya 6306 wala nyingine ya namna hiyo. Tumia namba ya spea ya Toyota. Beringi za gololi huanza na 90363, za sindano 90364, sili 90311, na sirklipu za shafti 90520. Watengenezaji waliozoeleka kwenye magari ya Kijapani ni Koyo, NSK, NTN na Nachi, na beringi yao yenye namba sahihi ni nzuri sawa na iliyo ndani ya boksi la Toyota. Bandia ziko nyingi. Boksi zuri si ushahidi, kwa kuwa boksi ndilo rahisi kuliko vyote kuiga; tazama uchongaji wa namba kwenye ringi yenyewe, na kama una simu janja, kuna programu ya WBA Bearing Authenticator inayosoma alama za watengenezaji kadhaa wakubwa.

Nunua beringi ya shafti ya kuingizia, za leshafti na ile ya sindano kwa mara moja, pamoja na sili ya mbele na ya nyuma. Kinacholiwa na kazi hii ni muda wa kushusha na kufungua. Kubadilisha moja na kuziacha nyingine za umri uleule ndani ni ubahili unaogharimu.

Ufungaji una kanuni moja ambayo haina mjadala: nguvu ipite kwenye ringi inayobana. Beringi ikiwa inabana kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani, kwa kutumia bomba lenye mdomo uliokatwa sawasawa ambalo haligusi kabisa ringi ya nje. Ikiwa inabana kwenye ganda, sukuma ringi ya nje. Ukisukuma ringi isiyobana, nguvu yote inapita katikati ya gololi, na beringi inazaliwa na vishimo ambavyo vitaanza kulia baada ya muda mfupi.

Joto hurahisisha kazi. Ringi yenye tundu la 30 mm ikipashwa moto kwa nyuzi 80 zaidi ya shafti, tundu hupanuka kwa karibu 0.03 mm, kiasi ambacho mara nyingi kinatosha beringi kuteleza hadi mahali pake bila nyundo. Weka sufuria ya mafuta safi jikoni, weka beringi juu ya wavu ili isiguse chini ya sufuria, na kipimajoto kisipite nyuzi 120 za Selsiasi. Juu ya hapo chuma cha beringi huanza kupoteza ugumu na vipimo vyake. Beringi ikikaa, ishike ikiegemea bega la shafti mpaka ipoe, maana ikipoa husinyaa na inaweza kujivuta nyuma ikaacha upenyo.

Sirklipu ya shafti huuzwa kwa unene tofauti tofauti. Usirudishe ya zamani kwa mazoea. Jaribu kuanzia nene, uchague ile nene kuliko zote inayoingia kwenye mfereji, ili beringi isiwe na nafasi ya kucheza kwenda mbele na nyuma.

Kwenye kuunganisha ganda na bamba la kati, paka gasketi ya maji uzi mwembamba, kisha funga kabla haijakauka. Wanaopaka kama siagi wanasahau kwamba inayominywa ndani hukatika na kwenda kuziba njia za mafuta. Kabla giaboksi haijarudi chini ya gari, ingiza gia zote kwa mkono huku ukizungusha shafti ya kuingizia. Inapaswa kuzunguka laini, bila kukwama mahali pamoja.

#3 Mkulima wa Mbozi

Nashukuru kwa maelezo haya, mkuu. Nina swali moja la kweli kabisa. Huku kwetu hakuna presi karibu, na fundi wangu ana nyundo, tindo na gesi ya kuchomelea. Je, ni heri nikubali giaboksi ya mtumba kuliko kazi ya namna hiyo?

#4 Jiliwa

Ndugu yangu, kama njia ni nyundo na tindo, jibu ni ndiyo, afadhali ya mtumba, au afadhali usubiri. Lakini kuna njia ya tatu. Fundi wako afungue, atoe shafti zikiwa na beringi zake, uzifunge vizuri kwenye kitambaa chenye mafuta, na uzipeleke mjini kwenye karakana yenye presi. Kutoa beringi ya zamani na kubana mpya kwenye shafti iliyo mkononi ni kazi fupi sana kwa mwenye presi. Hakikisha tu sirklipu za unene mbalimbali unaziagiza pamoja na beringi, ili zichaguliwe palepale.

#5 Fundi wa Gerezani

Kwa heshima zote, Jiliwa, sehemu ya sufuria na kipimajoto ni ya watu wenye muda. Sisi tunapasha beringi kwa moto wa gesi kila siku, tunaipitisha haraka, inaingia, na magari yanatembea. Naona unawatisha watu bure.

#6 Jiliwa

Fundi, sipingi uzoefu wako, na najua mkono uliozoea unaweza kupitisha moto bila kuunguza. Tatizo la moto wa gesi ni kwamba haupashi sawasawa. Sehemu moja ya ringi inaweza kuwa imevuka nyuzi 250 wakati upande wa pili bado unashikika, na ringi iliyopashwa hivyo hupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini gololi zinakiona. Halafu kuna keji, yaani kizimba kinachozitenganisha gololi. Nyingine ni za plastiki ngumu, na moto huzimaliza papo hapo. Kama sufuria inachosha, weka beringi juu ya bamba nene la chuma, pasha bamba kutoka chini, na ugeuzegeuze beringi. Tone la maji likianza kuchemka juu ya ringi, umefika kwenye nyuzi 100, na hapo panatosha. Muda wake hauzidi wa kuvuta mpira wa gesi.

#7 Fundi wa Gerezani

Hilo la bamba nalikubali. Niongeze jambo kwa faida ya wengine: kwenye ganda la alumini pasheni ganda, si beringi. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Ganda likiwa na joto la maji yanayochemka na beringi ikiwa ya baridi, hudondokea ndani kwa mkono. Na tundu la ganda likiwa limekwisha kuliwa, kiasi kwamba ringi ya nje inazunguka ndani yake, msidanganyike na wanaopiga tindo vidoti kuzunguka tundu. Vidoti husawazika baada ya muda mfupi, na beringi mpya hufa na ganda. Mpelekeeni fundi wa mashine akatengeneze bushi, au mtafute ganda jingine.

#8 Jiliwa

Nakubaliana nawe moja kwa moja. Ukiacha kesi ya Mkulima asiye na presi, hapo ndipo pekee ninapoona giaboksi ya mtumba ina kazi: unainunua kwa ajili ya ganda, na unazifunga ndani yake beringi ulizozichagua mwenyewe.

#9 Msafiri wa Namanga

Wakuu, mimi nina Probox ya gia za mkono, nafanya biashara kati ya Nairobi na Arusha. Mlio wangu unasikika gia zote na hauondoki nikiweka nyutro gari likiwa linakwenda, lakini nikisimama kabisa unanyamaza. Beringi za magurudumu zimeshabadilishwa zote mbili za mbele. Pia naomba kujua kuhusu mafuta, maana duka moja linaniambia mafuta ya gia ya daraja la GL-4 na jingine GL-5.

#10 Jiliwa

Ndugu Msafiri, kwa maelezo yako, shafti ya kuingizia iko salama, kwa sababu ukisimama nyutro yenyewe inaendelea kuzunguka na husikii kitu. Kwenye gari linalovutwa mbele, difu imo ndani ya giaboksi ileile, na beringi zake za pembeni ndizo zinazofuata kasi ya gari. Zitazame hizo pamoja na za shafti ya kutolea. Kabla ya hapo, inua magurudumu ya mbele na uzungushe kila moja huku mkono mwingine umeshika springi ya shokamzoba. Gurudumu lenye beringi mbovu, hata kama ni mpya, hutuma mtetemo kwenye springi.

Beringi za difu kwenye giaboksi nyingi za namna hiyo ni za roli zenye umbo la koni, nazo hazifungwi kama za gololi. Zinahitaji kubanwa kwa mzigo maalumu unaopangwa kwa shimu, yaani vibati vyembamba vya unene uliochaguliwa. Ukizibadilisha na kurudisha shimu ya zamani bila kupima, ama zitalegea na kulia, ama zitabana na kuungua. Hapo tafuta fundi mwenye kitabu cha huduma cha giaboksi hiyo na kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na ukikosa mmoja wao, usikubali kazi ianze.

Kuhusu mafuta, fuata kwanza kitabu cha gari lako, kwani giaboksi nyingi za Toyota zinaruhusu GL-4 au GL-5 ya unene wa 75W-90. Tofauti ni kwamba GL-5 ina viungo vingi zaidi vya kukinga meno yenye shinikizo kubwa, kama yale ya difu ya nyuma. Baadhi ya viungo hivyo hula polepole ringi za shaba za sinkronaiza, au kuzifanya ziteleze kupita kiasi na gia zikaanza kukwaruza. Kitabu kikiruhusu zote mbili, mimi ningechukua GL-4. Ile "oili namba tisini" inayopimwa kutoka kwenye pipa, isiyojulikana ni GL ngapi, iache hapohapo dukani.

#11 Mkulima wa Mbozi

Nimefuata ushauri, shafti zimekwenda mjini na kurudi, giaboksi imefungwa na mlio wa zamani umekwisha. Hata hivyo gia ya kwanza na rivasi zinaingia kwa kukwaruza gari likiwa limesimama, jambo ambalo halikuwapo. Je, kuna kilichofungwa vibaya ndani?

#12 Jiliwa

Hongera kwa hatua hiyo, na usikimbilie kufungua tena. Gia zinazokwaruza gari likiwa limesimama, huku zilikuwa zikiingia vizuri kabla, zinaonyesha kwamba shafti ya kuingizia bado inazunguka ukiwa umekanyaga klachi, yaani klachi haiachii vizuri. Anza na silinda ndogo ya klachi: huenda ilining'inia ikaingiza hewa, kwa hiyo itolewe hewa na kiwango cha mafuta ya breki kitazamwe. Kisha pima mchezo wa kanyagio na urefu wa fimbo ya kusukuma. Jaribio la kutenganisha klachi na giaboksi ni hili: kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu taratibu mpaka tano, kisha weka rivasi. Ikiingia kimya, shafti inasimama lakini kwa kuchelewa, na sahani inayogusa flaiwili kidogo inaweza kuwa sababu. Ikiendelea kukwaruza hata ukisubiri, sahani haijaachia kabisa, au beringi ya pailoti imekaza na inaivuta shafti pamoja na flaiwili. Niandikie matokeo ya majaribio hayo, na uniambie kama sahani ya klachi ilitolewa wakati giaboksi ilipokuwa chini, maana ikifungwa ikiwa imegeuzwa upande hufanya hivyohivyo.